Kelele za Hodan

Mwezi uliopita waliing'oa jenereta ya kisima cha mtaa wetu wakafunga sola. Mtaa mzima ulisherehekea. Akina mama walipiga vigelegele, wazee wakasema sasa angalau adhana itasikika vizuri. Mimi nilitoka na mtungi wangu, nikafika kisimani, nikakuta maji yanatoka na hakuna kinachonguruma. Nikasimama palepale na mtungi mtupu mkononi. Jirani yangu akanitazama usoni akauliza, "Vipi wewe, umeona nyoka?" Nikamwambia ni jua tu. Wallahi halikuwa jua.

Nyinyi wa rika langu mliokulia Garissa mnaikumbuka sauti ile. Ilianza kwa kukohoa mara tatu, ikanyamaza utadhani imekata tamaa, kisha ikashika na kunguruma mpaka vikombe vikatetemeka kabatini. Tulisoma nayo, tukala nayo, tukagombana kwa sauti ya juu kuliko yake, ndiyo maana hadi leo watu wa mtaa wetu hawajui kuongea polepole. Kwangu mimi sauti ile ina mtu wake. Mtu huyo ni Hodan, binti wa mdogo wake mama, na nilimtendea ubaya nikiwa na miaka tisa.

Lakini mnijue kwanza. Mimi ni mtu wa kushuku. Nikiletewa chai nainusa. Nikisifiwa najiuliza anataka nini huyu. Hata utotoni nilikuwa hivyo hivyo, na kaka zangu wakanibandika jina la CID, kwa sababu hakuna aliyeficha kitu nyumbani kwetu nisikione. Nilijua ni nani anamaliza sukari. Nilijua abti, kaka wa mama, anavuta sigara nyuma ya zizi la mbuzi na kula majani ya mpera ili asinuke. Nilijivunia, jamani, nisiwadanganye. Katika nyumba ya wavulana watano, kuona ndiyo kazi pekee niliyoweza kuwashinda.

Hodan aliletwa na mama yake kutoka Norwei. Alikuwa na miaka kumi na saba, mrefu, mkimya, amevaa nyeusi kutoka kichwani hadi viatuni, na si nyeusi ya buibui. Aliambiwa amekuja likizo ya miezi miwili kumsalimia ayeyo, bibi yetu. Wiki ya pili tulipoamka, mama yake hayupo. Alikuwa ameondoka na gari la alfajiri bila kumuaga mwanawe. Pasipoti ya Hodan ilikuwa ndani ya sanduku la bati la hooyo, mama yangu, chini ya mashuka, na ufunguo ulining'inia shingoni mwa hooyo.

Kwetu jambo hilo lina jina, dhaqan celis, maana yake kurudishwa kwenye mila. Mtoto akiharibikia Ulaya analetwa nyumbani anyooke, na harudi mpaka wakubwa waseme amenyooka. Wengine waliletwa kwa ulevi, wengine kwa wizi. Hodan aliletwa kwa sababu ya muziki. Mama yake alikuta chumbani kwake picha za wanaume waliojipaka nyuso nyeupe na macho meusi kama maiti, kisha akagundua kwamba binti yake na wenzake wawili wanakutana kwenye ghala chini ya jengo moja kupiga magitaa, na anayepayuka humo ni Hodan mwenyewe.

"Wanaimba mauti," hooyo aliniambia, akinong'ona ingawa tulikuwa wawili tu. "Wewe macho yako ni makali. Mwangalie. Kila jioni uniambie. Nikiona ametulia, atarudi kwao kabla ya mvua. Nisipoona, basi iko njia nyingine."

Njia nyingine ilikuwa nyumba moja mbali nje ya mji, yenye ukuta mrefu na mlango wa chuma, ambako watoto kama hao walifungiwa. Hakuna aliyepataja kwa sauti. Nilijua kwa sababu mimi ni CID. Kwa hiyo nilielewa vizuri kabisa kwamba kurudi kwa Hodan kulikuwa mikononi mwangu, na nilitembea siku ile kichwa juu.

Tatizo likawa kwamba Hodan hakufanya baya lolote. Aliswali. Alifua. Kisomali chake kilikuwa cha kuchekesha, cha mtoto wa miaka minne, lakini aliongea na kila mtu kwa adabu. Aliniita abaayo, dada, ingawa alinizidi karibu mara mbili. Alinifundisha kusuka kamba za viatu kwa mtindo wa ngazi. Mwingine angempenda. Mimi nilijiuliza anaficha nini.

Nikapata jibu siku ya tatu ya kumfuata. Alikuwa na kinasa sauti kidogo, cha kuenea kwenye kiganja, na alikuwa akizunguka nacho mtaani akikielekeza kwenye vitu. Si kwenye watu wanaoimba, si kwenye redio. Kwenye kelele! Alisimama saa nzima karibu na jenereta ya kisima akaifanya ikohoe ndani ya kile kifaa. Akaenda kwenye bati lililolegea la duka lililofungwa, akangoja upepo ulitikise. Akaenda karibu na machinjio, ambako makorongo wale wakubwa wenye vipara hukaa wakigonganisha midomo, akachuchumaa kwenye uvundo ule huku akitabasamu. Sasa niambieni, mtu mzima mwenye akili timamu anakwenda kuchukua kelele za makorongo ampelekee nani?

Si mimi peke yangu niliyeuliza. Mji wetu siku zile ulikuwa umejaa wanajeshi, na mtu akionekana na kitu chenye waya watu walihama njia. Mwenye duka la kona alimwita hooyo kando. "Huyo msichana wenu anarekodia nani? Mwambie asisimame mlangoni kwangu." Hooyo akarudi amekunja uso, akaniuliza kama nimeona lolote. Nikamwambia bado nachunguza. Ndivyo nilivyosema, wallahi, neno kwa neno.

Siku moja Hodan alinikamata. Nilikuwa nimejibanza nyuma ya tangi la maji, na kanga yangu ikanisaliti. Hakukasirika. Alicheka, akanivuta kando yake kwenye kivuli, akanivalisha visikizi masikioni. "Sikiliza," akasema.

Nitajaribu kueleza nilichosikia, ingawa leo nakijua na siku ile sikukijua. Muziki ule wenyewe wanauita metali nyeusi, na tawi alilolipenda Hodan huchanganywa na makelele ya mashine na upepo mpaka hujui gitaa linaishia wapi. Kulikuwa na mkwaruzo mzito usiokoma. Kulikuwa na ngoma za kasi, mvua ya mawe juu ya mabati. Nikaitambua jenereta yetu humo ndani, ameipandikiza juu ya wimbo wao wa ghalani, yenyewe kabisa, na kikohozi chake. Kisha nyuma ya yote, mbali sana, mtu akalia. Hakuwa anaimba. Alikuwa anapiga ukelele wa mtu aliyetumbukia kisimani na hakuna anayekuja.

Nikavivua visikizi vile kwa mikono miwili. "Nani huyo?"

Hodan akajigusa kifuani. "Ni mimi," akasema, na uso wake ulikuwa wa fahari, kama mtu anayekuonyesha mtoto wake mchanga.

Alinionyesha kitu alichokitengeneza, ndivyo. Nilikuwa mtu wa kwanza kuonyeshwa katika nchi nzima. Lakini mimi nilisikia kukiri. Sauti ile haikuwa ya msichana. Ilikuwa ya kitu kizee, kikavu, chenye hasira. Na Hodan, ambaye hakuwahi kumjibu hooyo hata kwa kukohoa, ananiambia kwa kinywa chake kwamba yule ni yeye. Nikaitazama shingo yake nyembamba nikajiuliza kitu kikubwa hivyo kinakaa wapi. Usiku ule sikulala upande wake wa mkeka.

Ushahidi kamili niliupata wiki ile ile. Ilikuwa saa saba mchana, saa ile ambayo Garissa nzima imelala, hata mbuzi wamebana kwenye kivuli cha ukuta. Nilimwona Hodan akitoka kwa kunyata. Alikwenda nyuma ya nyumba kwenye tangi la zamani la saruji lililokuwa limepasuka, kavu miaka mingi. Akakiteremsha kinasa sauti ndani kwa kamba. Akaingiza kichwa chake na mabega kwenye tundu la juu. Akapayuka.

Subhanallah. Kwa nje ulitoka mvumo tu, mzito, ukipita chini ya ardhi hadi kwenye nyayo zangu. Njiwa wakaruka. Akanyamaza, akavuta pumzi, akapayuka tena, mara tatu, mara nne. Alipotoa kichwa, alikuwa analia machozi na anacheka. Akajifuta kwa ncha ya shela yake, akakaa pale juu ya tangi ameinua uso, ametulia kabisa. Sijawahi kumwona mtu amepumzika hivyo. Leo naelewa kwamba hapo ndipo mahali pekee palipomruhusu kulia kwa sauti katika nyumba yenye watu kumi na wawili. Siku ile niliona jini limekula likashiba.

Jioni hooyo alinikalisha kati ya magoti yake kunichana nywele, maana hapo ndipo aliponiuliza kila siku. Nilimwambia yote. Jenereta, makorongo, sauti kwenye visikizi, "ni mimi", tangi. Chanuo likasimama. "Una hakika?" Nikasema ninaapa. Hooyo akashusha pumzi, na nikahisi tone likidondoka kwenye utosi wangu. Msimhukumu haraka. Alikuwa amemwahidi mdogo wake kwamba hatamrudisha mtoto akiwa ameharibika, na kila Ijumaa mdogo wake alipiga simu akilia.

Aliitwa maalim aje amsomee Kurani. Hodan alikaa mbele yake mikono kwenye mapaja, akasikiliza hadi mwisho, macho ameyafumba. Maalim alipomaliza alimwambia hooyo, "Huyu hana kitu. Huyu anatamani kwao. Mrudishieni pasipoti yake." Ayeyo akasema alhamdulillahi. Lakini hooyo akanitazama mimi, na mimi nikatikisa kichwa. Sikumwamini maalim. Nilisema moyoni kwamba hajasikia visikizi.

Siku nne baadaye Hodan aliambiwa amepata tiketi, abti atampeleka Nairobi. Alimkumbatia hooyo mpaka shela ya hooyo ikateleza begani. Akagawa vitu vyake, kaka yangu mkubwa akapata jaketi, mimi nikapata kamba za viatu za rangi tatu. Hooyo akanivuta jikoni, akanishika mashavu. "Utakwenda nao. Akiwa na mtoto pembeni hatashuku. Usimwambie kitu, umesikia? Ni kwa ajili ya kumponya." Nikasema nimesikia. Nilivaa gauni langu la Idi.

Tulikaa kiti cha nyuma cha Probox ya abti, mimi na yeye. Alikuwa na furaha ya kumfanya mtu ashindwe kukaa. Alinionyesha kwa vidole ni baada ya miaka mingapi atarudi kunitembelea. Alinishika mkono, kiganja chake kina jasho. Nilihesabu kila duka tulilopita, kwa sababu nilijua kitakachotokea. Anayekwenda Nairobi kutoka kwetu lazima avuke daraja la Tana, na Hodan alilivuka akija. Gari lilipofika pale pa kukata kona, halikukata.

"Abti," akasema, "daraja?"

"Mafuta kwanza," abti akajibu bila kugeuka.

Kituo cha mafuta kikapita. Nyumba zikaisha. Barabara ikawa mchanga mwekundu na miti ya miiba. Mkono wa Hodan ukaanza kunibana, kisha ukaniachia. Akavuta kitasa cha mlango na mlango haukufunguka, kwa sababu asubuhi abti alikuwa amekitengeneza kisifunguke. Sikumwona tu akifanya hivyo. Nilimsaidia kushika bisibisi.

Kulikuwa na kizuizi cha polisi mbele, misumari ya chuma imelazwa barabarani. Afande mmoja kijana, mtu wa bara, alikuja dirishani, na Hodan akalipuka. Alipiga kelele kwa Kiingereza, nikashika maneno mawili matatu tu ya darasani, pasipoti, mama, nisaidie. Afande akarudi hatua moja, mkono kwenye bunduki.

"Mzee, huyu msichana vipi?"

"Ni mgonjwa, afande," abti akasema, jasho linamtiririka. "Tunabeleka hosbitali. Bole, samahani, bole sana."

"Hospitali gani huku porini?" Alikuwa ameshuku. Alikuwa ameshuku vizuri, yule kijana, Mungu amlipe kwa dakika ile. Akamwamuru abti azime gari. Kisha akainama akanitazama mimi, gauni langu la Idi, nywele zangu zilizosukwa. "Wewe mtoto unasoma?"

"Ndiyo, afande. Darasa la nne."

"Basi unajua kusema ukweli. Huyu dada yako anapelekwa kwa nguvu?"

Hodan hakujua Kiswahili, lakini alijua ninaulizwa. Alinigeukia, na usoni mwake hapakuwa na wasiwasi wowote juu yangu. Alikuwa ananisubiri nimwokoe. Nilihitaji kusema neno moja, ndiyo, na misumari ile ingebaki palepale barabarani mpaka wakubwa wa yule kijana wafike.

"Hapana, afande," nikasema kwa Kiswahili changu kizuri cha shule, makosa sufuri. "Ana jini. Ukitaka sikiliza mwenyewe."

Nikachukua kinasa sauti kutoka mapajani mwake. Hakunizuia. Nadhani alifikiri ninatoa ushahidi wa kumtetea, kwamba yeye ni mwanamuziki na si mwendawazimu. Alinisaidia hata kubonyeza. Afande akaweka kisikizi kimoja sikioni, na nikaona uso wake ukibadilika kidogo kidogo, kwanza kukunja kipaji, kisha mdomo kuachama, kisha akakichomoa kama kimemuuma.

"Yesu wangu," akasema. "Hii ni nini?"

"Ni yeye," nikamwambia.

Akamtazama Hodan, akaniangalia mimi, akarudisha kifaa kupitia dirishani kwa ncha za vidole. Akamfokea mwenzake avute misumari. "Nendeni naye. Nendeni haraka, mzee."

Yaliyofuata nayajua nusu kwa macho, nusu kwa kusikia. Alikaa ndani ya ukuta ule mwaka mzima na zaidi. Alitoka amenyolewa, na alama ya mnyororo kwenye kifundo cha mguu, na watu wa ubalozi ndio waliomrudisha kwao. Hajatia mguu kwetu tena. Muziki anaupiga bado. Nimeutafuta, nimekaa nao mlango nimefunga, mwanamke wa umri huu mwenye watoto, nikisikiliza kwa masikio ya mtu mzima. Chini ya makelele yote kuna wimbo wa polepole, wa huzuni, mzuri mno. Ulikuwepo tangu mwanzo na mimi sikuusikiliza. Nimeandika kumwomba radhi mara tatu, na mara tatu naona ujumbe umesomwa.

Lakini kinachonitafuna ni safari ile yenyewe, baada ya misumari kuvutwa. Hodan alikuwa ameacha kupiga kelele. Alikaa mikono imelegea. Baada ya muda akaongea, taratibu, akitafuta kila neno kwa Kisomali chake kile cha mtoto mdogo.

"Mama yako nilimshuku," akasema. "Abti nilimshuku. Mama yangu mwenyewe nilimshuku. Wewe sikukushuku."

Mbele kulionekana kizuizi kingine. Nikamwambia anyamaze.